Harusi ina kamati, tasnifu haina: jibu kwa dada anayeolewa Desemba

Dada yangu, umeeleza kwamba harusi yako ni Desemba na sendofu, sherehe ya kukuaga kwenu, itatangulia majuma mawili kabla, kwamba data za tasnifu yako ya shahada ya uzamili umekwisha kuzikusanya lakini sura ya nne, ile ya matokeo, hujaigusa, kwamba vikao vya kamati vimeanza Sinza kila Jumapili, na kwamba mama mkwe mtarajiwa hupiga simu karibu kila jioni kuulizia rangi ya mapambo. Ukauliza kama ni heri uahirishe masomo mwaka mmoja, au uwaombe wazee wasogeze harusi. Nami nilipita humo humo, hapa hapa Dar es Salaam, nikiwa mwanafunzi wa uzamili wa elimu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikikusanya data katika shule za sekondari za Temeke na Kigamboni huku kamati ya sendofu yangu ikiendelea kukutana, kwa hiyo univumilie nikujibu kwa urefu.

Wengi waliokujibu wamekushauri upange ratiba, uamke alfajiri, ujinyime usingizi. Sidhani kama unakosa saa. Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyokaa. Harusi ya hapa mjini ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ina kamati ndogo za chakula, mapambo, vinywaji na usafiri, ina kundi la WhatsApp lisilolala, na ina watu watakaokupigia simu siku hiyo hiyo usipoonekana. Tasnifu haina hata mmoja wa watu hao. Sura ya nne inaweza kulala mwezi mzima na asitokee shangazi wa kuuliza kulikoni, na msimamizi wako, mwenye wanafunzi wengine na vipindi vya kufundisha, atadhani kwamba unaandika. Ndiyo maana mambo hayo yakigongana, lenye watu wengi hushinda, hata pale ambapo halikuhitaji wewe hasa. Ukilitambua hilo, utaacha kutafuta saa za ziada na utaanza kutafuta mtu wa kuipokea harusi mikononi mwako.

Mtu huyo kwangu alikuwa mjomba, mwenyekiti wa kamati yetu, mzee anayeendesha kikao cha sendofu kama baraza la madiwani: muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, ahadi mpya, mengineyo, na faini kwa waliochelewa. Nilimfuata nyumbani kwake Tabata kabla vikao havijaanza, nikamwamkia, nikamweleza kwamba naomba nihudhurie kikao cha kwanza, kile cha kupitisha bajeti na kile cha mwisho, na katika vile vingine aniwakilishe mdogo wangu. Alikoroga chai yake kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, watu hawaahidi mbele ya kiti kitupu. Wanataka wamwone wanayemchangia." Nikamjibu kwamba naelewa, lakini kikao kinaanza saa kumi na kuisha saa mbili usiku, na nikitoka hapo hadi nifike nyumbani Jumapili imekwisha, wakati Jumapili ndiyo siku pekee ninayoweza kukaa na karatasi zangu bila kukatizwa. Hakuniahidi chochote. Siku ya kikao cha kwanza, hata hivyo, alisimama akawaambia wajumbe kwamba binti yao anaandika shahada ya pili, kwamba wasipomwona wajue yuko kwenye kazi ambayo nayo ni heshima ya ukoo, na kwamba mdogo wake akizungumza ni yeye amezungumza. Hakuna aliyehoji. Kwa desturi zetu, neno hilo hilo likitoka kwa bibi harusi huitwa kiburi, na likitoka kwa mjomba huitwa utaratibu. Basi usiwaambie ndugu mwenyewe kwamba umebanwa; mtafute mkubwa wa kulisema kwa niaba yako, tena mapema, kabla watu hawajaanza kuhesabu umekosa vikao vingapi.

Kundi la WhatsApp nililizima sauti, na mdogo wangu akapewa kazi ya kunichujia maswali. Kila Alhamisi jioni alikuja na daftari dogo lenye mambo yaliyohitaji jibu langu tu, nami nikajibu yote kwa mkupuo mmoja. Utashangaa jinsi yalivyo machache. Vitambaa vya sare ya kamati, aina ya keki, mpangilio wa meza, gari la wazazi, sanduku la zawadi, hayo yote yanaweza kuamuliwa na watu wenye ladha nzuri wanaokupenda, na safari ya Kariakoo kutafuta kitenge, ambayo hula siku nzima ukijumlisha foleni, wanaifanya shangazi zako kwa furaha kuliko utakavyoifanya wewe. Kuhusu mama mkwe, simu zake zipitie kwa mwanawe. Hapo huhitaji maelezo marefu: mchumba wako amwambie mama yake kwamba mambo ya mapambo yako kwa dada fulani wa kamati, ampe namba yake, na wewe uendelee kumpigia mwenyewe mara moja kwa wiki, umwamkie, umuulize hali na mgongo wake, bila kugusia mapambo. Asikose kusikia sauti yako, maana atakuwa mama yako kwa muda mrefu kuliko utakavyokuwa mwanafunzi.

Yapo hata hivyo mambo ambayo hayana mwakilishi, na haya ndiyo ya kuyaandika kwenye kalenda kabla ya kitu kingine chochote. Kama mnafunga kanisani, mafundisho ya ndoa mnakwenda wenyewe wawili. Cheti cha ubatizo kinatakiwa kutoka parokia uliyobatiziwa, na kama ni kule mkoani, anza kukifuatilia sasa. Matangazo husomwa Jumapili tatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya ndoa. Ongeza kujaribu gauni na orodha ya wageni wako mwenyewe, na kwa kweli umemaliza. Vingine vyote ni vya kamati.

Sasa tuje kwenye tasnifu, maana humo ndimo watu hupoteza muda wasiojua kuwa wanao. Kazi ya uzamili imejaa kungoja. Mimi nilingoja barua ya chuo ya kuniruhusu kukusanya data, ikaenda kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka manispaa, ndipo nikafika kwa wakuu wa shule. Shule zenyewe zina kalenda isiyojali harusi ya mtu: hufungwa Juni na Desemba, na Novemba ni mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne, kwa hiyo mtafiti huwa kero. Katika vipindi hivyo vya kungoja nilihudhuria mafundisho ya ndoa, nilikwenda kwa fundi wa gauni, nilitembelea ukumbi. Pale kazi ilipokuwa mikononi mwangu, harusi haikupata nafasi isipokuwa ile Alhamisi jioni. Wewe umekwisha kuvuka hatua ya data, lakini bado kuna kungoja kwingine kukubwa mbele yako, nako ni baada ya kuwasilisha kwa ajili ya kutahiniwa. Tasnifu ikishakwenda kwa watahini wa ndani na wa nje, hukai nayo tena. Inaweza kuchukua miezi kabla hujarudishiwa maoni na kuitwa kuitetea au kufanya masahihisho. Hicho ndicho kipindi cha kuolewa. Nakushauri ulenge kuwasilisha kabla ya sendofu, katikati ya Novemba kwa mfano, ili Desemba ikukute mikono mitupu.

Miezi mitatu na ushei uliyobakiwa nayo, tangu sasa Agosti, inatosha, ila hesabu muda wa msimamizi kama muda wa kazi. Akikuambia atasoma kwa wiki mbili, wewe andika mwezi. Mpelekee sura ya nne peke yake mara tu inapokamilika, usingoje uambatanishe na ya tano, ili yeye akisoma moja wewe uwe unaandika nyingine. Mwambie tarehe ya harusi waziwazi. Wanafunzi wengi huficha, wakidhani watachukuliwa kuwa hawako makini, kisha hutoweka Novemba nzima bila maelezo, na hapo ndipo msimamizi hukasirika. Wa kwangu nilipomwambia alicheka, akatoa kalenda, tukaandika pamoja tarehe za kila sura, na kuanzia siku hiyo tasnifu yangu ikawa na angalau mtu mmoja wa kuuliza kulikoni. Mwingine nilimpata darasani: mwenzangu aliyekuwa akiandika ya kwake, tukawa tunakutana maktaba kuu Jumamosi asubuhi, na asiyefika alilipa chai. Mjomba angefurahia faini hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini litakujia, kwa sababu mweka hazina wako atakuomba majina ya watu wa chuoni. Msimamizi wa tasnifu usimpelekee kadi ya mchango. Najua kwamba kwetu kumnyima mtu kadi ni kama kumtenga, na wapo walimu watakaotania kwamba umewasahau. Lakini mtu anayepaswa kusema kama sura yako inafaa au haifai hatakiwi kuwekwa katika hali ya kuahidi fedha kwenye sherehe yako, wala wewe hutakiwi kuanza kujiuliza kama maoni yake makali yanahusiana na ahadi aliyoshindwa kuitimiza. Nilimpa wa kwangu kadi ya mwaliko tu, kwa mikono miwili, nikamwambia mchango wake nimeshaupata kwenye pambizo za sura ya pili. Alikuja na mkewe, wakala, wakacheza. Watahini hata kadi ya mwaliko usiwape.

Kwenye fedha nitasema kwa ufupi, lakini shika hili: ahadi si fedha. Kamati yetu ilipanga kadi ya singo, ya mtu mmoja, kwa shilingi 50,000 na ya dabo, ya watu wawili, kwa shilingi 100,000, ahadi zikasomwa kwa vigelegele tangu mwanzo, ila fedha zenyewe ziliingia kwa wingi siku za mwisho mishahara ilipotoka, na nyingine hatujaziona hadi leo. Wakati huo mpambaji, mpishi na mwenye ukumbi wote wanataka malipo ya awali. Kishawishi cha mwanafunzi ni kuazima kutoka kwenye ada, kwa matumaini kwamba ahadi zikikamilika zitaijaza. Lipa ada ya chuo kwanza, mapema, risiti ikae kwenye faili, ili hata ukisihiwa usiwe na cha kutoa. Na kama bajeti haitimii, ipunguzwe idadi ya wageni, maana chakula cha kila kichwa ndicho kinachobeba gharama. Kupunguza maua hakuokoi kitu. Michango ya harusi za wenzako nayo itaendelea kukufuata kipindi chote hiki. Waliokuchangia au watakaokuchangia uwakumbuke hata kwa kidogo, na wengine uwaambie kwa heshima kwamba mwaka huu huwezi. Hakuna anayetarajia makubwa kwa mwanafunzi mwenye harusi yake mwenyewe.

Sasa swali lako lenyewe. Kuahirisha masomo sikushauri, na sababu yangu ni nyumba utakayoingia. Wengi husema watamalizia kuandika wakishaolewa na kutulia. Miezi ya kwanza ya ndoa hapa mjini haina utulivu huo: kuna ndugu waliokuja kwa ajili ya harusi na bado hawajarudi mkoani, kuna ziara za kutambulishwa upande wa mume, kuna jikoni ambako bado hujui chumvi inakaa wapi, na kama Mungu akijalia, kuna ujauzito wenye kichefuchefu chake. Sura ya nne iliyokushinda Agosti ukiwa na chumba chako peke yako haitakuwa nyepesi Machi ukiwa na wageni sebuleni. Tena ukizidisha muda wa usajili, utaomba nyongeza na kuilipia. Kusogeza harusi ni kugumu vilevile, ila kunawezekana kama ikifika mwisho wa Septemba na sura ya nne bado haijafika kwa msimamizi; hapo mazungumzo yaanzie kwa mchumba wako, yaende kwa mjomba au mkubwa yeyote uliyemteua, na yeye ndiye ayapeleke kwa wazee wa pande zote mbili. Kabla ya kufika huko, muulize mweka hazina wiki hii kama ukumbi umeshalipiwa na mkataba unasema nini kuhusu kubadili tarehe, kwa sababu kumbi nyingi hazirudishi malipo ya awali, na jibu hilo linaweza kukumalizia mjadala wote kabla haujaanza.