Kabla Hujampa Shujaa Wako Bunduki

Vijana wa hapa Lamu wanaoandika hadithi za kusisimua hunitumia kazi zao kwa WhatsApp, na nyingi siku hizi ni za namna moja: mji umelala salama, alfajiri risasi zinalia, na mtu wa kawaida, mwalimu au muuza samaki, hana budi kuwatoa wanawe. Napenda sana hadithi hizi. Ila kabla hujafika mbali, yule mwalimu ameshaokota bunduki na anapiga shabaha kama komando. Hapo huacha kusoma.

Mwache asijue silaha. Mpe anachokijua.

Kijana mmoja wa mtaa wa Langoni, katika hadithi yake, alimtorosha baba na wanawe kwa boti usiku, kupitia Mkanda kuelekea Faza, kisiwani Pate. Nikamsomea nahodha mmoja barazani. Aliniacha nimalize, kisha akauliza: "Maji yalikuwa yamejaa au yametoka?" Kijana hakuandika. Mkanda, ule mlango kati ya Manda na bara, maji yakitoka chombo kikubwa hukwama topeni, mikoko huku na huku. Basi hadithi yenyewe ilikuwa hapo! Mashine imezimwa, wamejibanza wanangoja maji, na mtoto ameshikwa na kikohozi. Saa ya maji kujaa husogea kama dakika 50 kila siku. Baba anaijua hesabu hiyo, wanaomfukuza hawaijui.

Mjini pia ni hivyo hivyo. Sahau kufukuzana kwa magari. Una vichochoro vya mtaa wa Mkomani, una wikio linalounganisha nyumba mbili juu ya njia, una punda aliyegoma kusogea. (Huyo wa mwisho ameshanichelewesha swala.)

Ukitaka kujifunza kwa wengine, tazama filamu ya No Escape ya mwaka 2015, aliyocheza Owen Wilson. Pale juu ya paa, baba anapolazimika kumrusha binti yake hadi jengo la pili, usiangalie kuruka. Angalia jinsi mtoto anavyomng'ang'ania baba yake. Hilo liibe. La kutoliiga ni hili: nchi haina jina, na wenyeji karibu wote ni kundi tu la wauaji. Maandishi ya Kikhmer, lugha ya Kamboja, yalionekana juu chini kwenye ngao za polisi, na Kamboja ikaipiga marufuku filamu hiyo. Sisi watu wa pwani tunajua inavyouma mtu akija kupiga picha kwako halafu usijitambue ndani yake.

La mwisho ni zito zaidi. Juni 2014 Mpeketoni, mji wa bara hapa Lamu, ilishambuliwa jioni watu wakitazama Kombe la Dunia, na zaidi ya watu 60 wakauawa huko na vijiji vya jirani. Wenye misiba hiyo ni majirani zetu na wanasoma simu kama sisi, kwa hiyo usichukue kifo cha mtu ukakifanya kikolezo cha sura ya kwanza. Lakini lililofuata linaandikika: Julai ikaja kafyu, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku. Mtu amezoea kutoka na taa zake giza likiingia, sasa amefungiwa ndani, nyavu zimekauka uani, mke anapima unga na mwenye duka ameanza kukataa kukopesha. Andika kwanza ukurasa huo, bila mlipuko hata mmoja, kisha nitumie.