Safari ya gofu Julai: Dubai au Arusha?

Mkuu, umeuliza kundi lenu la Dar liende Dubai au Arusha mwezi Julai. Nendeni Arusha. Julai Dubai joto linapita nyuzi 40, na mashimo 18 kwenye jua lile ni mateso. Dubai ipangeni Januari, mkacheze Majlis pale klabu ya gofu ya Emirates, kiwanja cha mwaka 1988 chenye nyasi zinazoishi kwa kumwagiliwa katikati ya jangwa.

Arusha ndege ni kama saa moja tu hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kiwanja cha Kili Golf kiko upande wa Usa River, Meru huku, Kilimanjaro kule. Ombeni kuanza saa moja asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima, na mbebe sweta, baridi ya Julai huko si ya Dar.

Kubwa zaidi ni mpira wenyewe. Mmezoea viwanja vya Dar, Gymkhana na Lugalo, usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi. Pale unapochukua fimbo namba saba, jaribu nane kwanza, ile inayopeleka mpira karibu zaidi. Siku ya kwanza chezeni bila dau, mikono ijifunze umbali.