Mdomo wa skafu usibane: namna ninavyofunga vitanzi

Hapa Njombe, Juni ikikaribia, kazi ninayoombwa kuliko zote ni skafu ya mviringo, ile isiyo na ncha mbili, inayopitishwa kichwani ikakaa shingoni. Haipeperuki mtu akiwa kwenye bodaboda, haimsumbui mtoto akicheza, na inakula uzi mdogo kuliko sweta. Lakini nyingi ninazoletewa nirekebishe zina kasoro ileile: mwili umefumwa vizuri, vitanzi vimelingana, ila mdomo, yaani ukingo wa juu unapomalizia kazi, umekaza. Mwenye nayo akiivaa inamkwaruza masikio na kumvuruga nywele, na baada ya wiki inaishia kabatini.

Kufunga ni kuvitoa vitanzi vya mwisho kwenye sindano kwa namna ambayo havitafumuka. Kabla ya kufunga kitanzi cha kwanza, fikiria kichwa. Mtu mzima ana kichwa chenye mzunguko wa sentimita 55 hadi 58 hivi, bado hujahesabu rasta au kilemba. Kwa watoto ndipo wengi wanapopotea, maana wanapima shingo. Mtoto wa miaka mitatu ana shingo nyembamba, lakini kichwa chake kinakaribia sentimita 50. Mdomo wa skafu unatakiwa utanuke upite hapo, kisha urudi ukumbatie shingo. Ukilegea moja kwa moja, baridi inaingia. Ukibana, haivaliki.

Ufungaji tuliofundishwa wengi wetu ni ule wa kufuma vitanzi viwili kisha kukivusha cha kwanza juu ya cha pili. Unaacha mnyororo uliolala juu ya kazi, na tatizo liko kwenye mnyororo huo. Vitanzi vya mwilini vinavutika kwa upana kwa sababu kila kimoja kimepinda na kina akiba ya uzi. Mnyororo hauna akiba zaidi ya ile uliyoiacha wakati unafunga, na mkono uliochoka huacha kidogo sana. Dawa ya haraka ni kubadili sindano ya mkono wa kulia: kama mwili umefuma kwa sindano ya unene wa milimita 4, funga kwa ya 5 au 5 na nusu. Wanaofumia spoku za baiskeli, ambazo ni nyembamba mno, watafute kijiti cha mwanzi kilicholainishwa vizuri. Inasaidia, na kwa skafu pana ya kuning'inia inatosha kabisa. Kwa skafu inayoshika shingo haitoshi.

Hapo mimi huweka sindano ya kufumia pembeni na kuchukua sindano butu ya kushonea sufu. Njia hii ya kufunga kwa kushona ilienezwa na Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani akawa mwalimu wa wafumaji wengi, na naipenda kuliko zote. Kata uzi ukiacha urefu wa mara tatu ya mzunguko wa skafu, na kidogo zaidi. Skafu ya sentimita 60 inataka kama mita mbili. Tunga uzi kwenye sindano butu. Pitisha sindano kutoka kulia kwenda kushoto ndani ya vitanzi viwili vya kwanza kwa pamoja, vuta uzi. Sasa rudi: ingiza sindano kutoka kushoto kwenda kulia ndani ya kitanzi cha kwanza peke yake, vuta, kisha kiachie kitoke kwenye sindano ya kufumia. Kile cha pili sasa ndicho cha kwanza. Viwili mbele, kimoja nyuma, hadi mwisho.

Siri iko kwenye kuvuta. Uzi ukishapita, vuta mpaka uguse kitanzi, kisha simama. Ukiona kitanzi kimeanza kuegemea upande, umezidisha, ulegeze kwa ncha ya sindano kabla hujaendelea. Kila baada ya vitanzi kumi hivi, nyosha kipande ulichomaliza kwa vidole viwili. Kikitanuka sawa na mwili ulio chini yake, uko vizuri. Ni kazi ya polepole, na kwa skafu ya vitanzi 120 usiianze wakati wageni wako mlangoni. Lakini ukingo unaotoka ni laini, hauna ule mnyororo mgumu, na unakaa vizuri kwenye ngozi.

Ikiwa mdomo wako ni wa mbavu, yaani vitanzi vya mbele (vinavyoonekana kama herufi V) na vya nyuma (vinavyoonekana kama nundu) vinapokezana, iko njia nyingine isiyohitaji kukata uzi kwanza. Jeny Staiman aliichapisha mwaka 2009 kwenye jarida la mtandaoni la Knitty. Kila kitanzi kinatanguliwa na mzungusho mmoja wa uzi juu ya sindano ya kulia, unakifuma, kisha unauvusha mzungusho ule juu yake. Vikishafika viwili, unavusha cha kwanza juu ya cha pili kama kawaida. Mzungusho huo ndio akiba ya uzi niliyoitaja. Kabla ya kitanzi cha nyuma uzungushe kama kawaida, na kabla ya kitanzi cha mbele uzungushe kinyume. Inatanuka kupita kiasi, kwa hiyo kwenye uzi mnene mdomo unaweza kupanuka kama tarumbeta. Naitunzia skafu za watoto.

Wengine wananilalamikia kwamba mdomo unajikunja kwa nje. Hilo halina uhusiano na kufunga. Kazi iliyofumwa kwa vitanzi vya mbele vitupu hujikunja juu na chini, kwa sababu ndivyo kitanzi kinavyojaribu kujinyoosha, na pasi haitakuokoa. Fuma mbavu za sentimita tatu au nne kabla ya kufunga, na anza skafu hivyohivyo ili pande zote mbili zifanane.

Ukifunga kwa kuvusha vitanzi, mwisho unabaki ngazi ndogo, maana kufuma kwa mviringo ni kupanda mzunguko juu ya mzunguko na kitanzi cha mwisho kiko juu kuliko cha kwanza. Iondoe hivi: kata uzi, uvute utoke kabisa kwenye kitanzi cha mwisho, utunge kwenye sindano butu. Upitishe chini ya miguu miwili, yaani nyuzi zote mbili, ya kitanzi cha kwanza kilichofungwa, kisha urudishe katikati ya kile cha mwisho, utokee ndani. Umetengeneza kitanzi cha bandia, na mtu hataona ulipoanzia.

Mkia wa uzi, tafadhali, usiupige fundo. Fundo linawasha shingo na siku moja linatokeza nje. Acha sentimita 15, uushone upande wa ndani ukifuata mstari wa mbavu kwenda chini, kisha urudi kwa mstari wa jirani, ili utanuke pamoja na skafu.

Mwisho ni maji, na hapa jua kwanza uzi wako. Wengi tunafumua masweta ya mtumba, na lebo mara nyingi imeshakatwa. Choma kipande kidogo: sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, akriliki, yaani uzi wa kiwandani usiotokana na mnyama, inayeyuka na kuacha punje ngumu. Skafu ya sufu iloweke dakika 20 kwenye maji vuguvugu bila kuisugua, maana maji ya moto na kusugua huigandisha ikasinyaa. Ikandamize ndani ya taulo, uitandaze, uupe mdomo umbo kwa mikono. Usiibane kwa vibanio kwenye kamba, uzito wa maji utauvuta mdomo. Ya akriliki ifue kawaida na uitandaze vilevile, na pasi usiikaribishe kabisa: joto likizidi, mbavu zinalala na hazirudi tena.