Plagi Iliyofunguliwa Gatini Haisemi Kweli

Wanaoniletea plagi ya mashine ya boti mkononi huuliza swali lile lile: "Fundi, hii yasemaje?" Nami huwarudishia swali: "Uliizimia wapi mashine?" Wengine hunikasirikia kidogo, maana wamekuja kutazamiwa rangi, hawakuja kuulizwa safari. Lakini plagi huonyesha zaidi hali ya injini dakika za mwisho kabla ya kuzimwa, na nahodha wa Lamu dakika hizo huwa anasogea gatini polepole. Anapisha jahazi, anangoja boti nyingine ishushe abiria, mashine inanguruma bila mzigo. Tu-stroki, yaani mashine ya kuchanganyiwa oili na petroli, ikikaa hivyo huipaka plagi weusi hata kama kabureta haina kasoro yoyote. Mwenye boti anaona nyeusi, anasema mashine inakula mafuta, anatafuta mtu wa kumwekea jeti ndogo, kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli. Siku akipakia mzigo wa Kizingitini na kufungua moto wote, yaani kuipa mashine nguvu zake zote, pistoni inakwama ndani ya silinda akiwa mbali na nyumbani.

Petroli kilo moja, ili iungue yote isibaki kitu, yataka hewa kama kilo 14.7. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Injini inayosukuma boti iliyojaa kwa nguvu zake zote hutaka petroli zaidi kidogo, hewa ikiwa kilo 12 na nusu hadi 13 kwa kila kilo ya petroli, kwa sababu hapo ndipo nguvu ilipo, na ile petroli ya ziada husaidia kupunguza joto ndani ya silinda. Kwenye mashine hizi zetu za kuchanganya oili tankini, jambo lina uzito zaidi: oili hupita mle mle na petroli. Ukibana petroli umebana na oili. Joto linapanda na ulainisho unapungua kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana plagi nyeusi hainitii hofu sana. Ni hasara ya pesa na moshi. Nyeupe ndiyo inayonifanya nimwambie mtu asitoke leo.

Ukitaka kusoma plagi kwa haki, toka kwenye msongamano wa mbele ya mji, utafute maji mapana yenye kina, bila mitumbwi ya wavuvi. Mashine ipate moto kwanza kwa plagi za zamani, kisha uzime, ufunge mpya au zilizosafishwa vizuri. Boti iwe na uzito wake wa kawaida, kwa sababu boti tupu haiisumbui injini. Fungua moto wote kwa dakika kadhaa, halafu vuta kamba ya usalama, ile inayozima mashine, mkono wa moto ukiwa bado umefunguliwa. Usirudishe mkono kwanza, na usiache mashine inguruke hata kidogo baada ya hapo. Ukiiwasha tena umefuta ulichokuja kukisoma.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wa nchi kavu hawalijui. Boti ikikatwa mwendo ghafla, wimbi lake lenyewe huja kutoka nyuma na kupanda tezi. Kwa boti ndogo iliyokaa chini majini, maji huingia kweli. Kila mtu awe ameketi na ameshika, na kazi hii isifanywe siku ambayo kusi imechafua bahari.

Tia nanga, acha mashine ipoe. Kichwa cha silinda ni aluminiamu, na plagi ikifunguliwa ya moto, tena yenye chumvi kwenye nyuzi zake za kukazia, hutoka na nyuzi za kichwa. Rangi haiendi popote maadamu hujawasha. Zifungue moja moja na uzipange kwa mpangilio wake, ya juu na ya chini, ujue ipi ilitoka wapi.

Sasa itazame juani, si kwa taa. Watu wengi hutazama ule mdomo wa chuma wa pembeni, ambao karibu daima ni mweusi, wakahukumu. Penye maneno ni ile kauri ya katikati inayozunguka ncha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au kijivu kinachokaribia hudhurungi, na ni kavu, funga uende zako. Ukiwa na tochi na kioo cha kukuzia, chungulia chini kabisa, kauri inapozama ndani ya chuma: kwenye plagi iliyojaribiwa sawasawa huanza kutokea mduara mwembamba wenye rangi. Huko ndiko petroli inakosomeka vizuri zaidi, kwa sababu ncha ya juu hutawaliwa zaidi na joto la plagi yenyewe. Wazee waliozoea rangi ya kahawa iliyoiva wasiitafute tena. Petroli yetu haina madini ya risasi tangu 2006, na rangi zimekuwa hafifu kuliko zamani.

Nyeusi kavu yenye masizi yanayofutika kwa kidole ni petroli nyingi. Angalia choki kama inafunguka yote, na ndani ya kabureta, kama ile sindano ya boya inafunga mafuta barabara. Nyeusi yenye majimaji ya oili, kwenye tu-stroki, mara nyingi ni mkono mzito wa kuchanganya. Mashine iliyoandikiwa 50 kwa 1 hutaka oili mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Ya 100 kwa 1 hutaka 200. Kuna wanaoongeza "kwa usalama", nami sikubaliani nao. Oili inayozidi huchukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, kwa hiyo mchanganyiko unapungua petroli hapo hapo plagi inapoloa. Unadanganywa mara mbili. Kwenye foo-stroki, oili kwenye plagi ni habari ya ringi au sili za valvu, na kabureta haihusiki.

Kauri nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge au vidoadoa vidogo vinavyong'aa, ni hatari. Vidoa hivyo huweza kuwa aluminiamu ya pistoni yako. Lakini kabla ya kugusa jeti, tazama vitu vya bure. Je, ile skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tanki ilifunguliwa? Ikifungwa, mashine hunyonya hadi kile kipira cha kupampia mafuta kinanywea, na petroli haifiki ya kutosha. Mpira wa mafuta uliopasuka kwenye kibanio huingiza hewa bila kuvuja tone. Maji ya kupoza je, yanatoka kwa nguvu, au umepita kwenye mchanga bahari ikiwa imekupwa na tundu limeziba? Mashine iliyokosa maji huunguza plagi huku kabureta ikiwa nzima.

Kisha soma namba ya plagi yenyewe. Muuza spea hukupa inayoingia tundu, basi. Plagi hujisafisha ncha yake ikiwa na joto la kuanzia kama nyuzi 450 hadi 850 za Selsiasi. Chini ya hapo masizi hujaa. Ikipita hapo sana, huwasha petroli kabla ya cheche. Kwa plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, yaani hutoa joto lake upesi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume. Mtu akibadilisha aina kwa kufuata namba tu, anaweza kufunga plagi ya moto kwenye injini iliyotaka ya baridi, kisha akalaumu mafuta ya Mokowe. Angalia pia urefu wa nyuzi: ikizidi, pistoni huigonga.

Inayonipa kazi zaidi ni moja kutofautiana na mwenzake. Ya juu hudhurungi, ya chini nyeupe: tanki ni moja, oili ni moja, kwa hiyo tatizo ni la silinda hiyo. Kama ina kabureta yake, jeti yake imeziba. La sivyo, gasketi au sili inavuta hewa. Nyeupe moja ikiwa safi mno, kana kwamba imeoshwa, mimi hushuku maji ya bahari yanaingia kupitia gasketi ya kichwa, na hapo nasahau kabureta kabisa.

Wakati wa kurudisha, anza kwa vidole mpaka ikae, bila spana. Ikikataa mapema, itoe, usilazimishe. Mpya yenye washa yake, ile pete ya chuma, hukazwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili baada ya kukaa. Iliyotumika, ambayo washa imeshabanwa, hutaka kidogo sana, kadiri ya sehemu moja ya 12 ya mzunguko.