Kwa nini Wafaransa na jibini lao wako kivyao?

Umeuliza kwa nini Mjerumani anasema Käse na Mhispania queso, maneno yanayokaribiana, wakati Mfaransa jirani yao anasema fromage. Yote ni Kilatini. Käse, queso, queijo ya Kireno, hata cheese ya Kiingereza, yanatokana na caseus. Ila Waroma wa baadaye walikuwa na caseus formaticus, yaani jibini lililotengenezwa kwa kalibu. Wafaransa wakaacha neno la kwanza wakabaki na la pili. Zamani waliandika formage, kisha o na r zikabadilishana nafasi. Waitaliano ndio wajanja: wana formaggio, na cacio, iliyotoka kwa caseus, bado wanayo, ile ya tambi za cacio e pepe (jibini na pilipili manga). Neno letu sisi, jibini, ni la Waarabu, halimo humo.