Mawe ya nyongo baada ya neva za tumbo kukatwa

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 71. Mwaka 1984 alipasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na cheti chake, ambacho bado tunacho, kinasema neva ya tumbo ilikatwa kwenye shina. Juzi alipigwa altrasaundi kwa ajili ya tezi dume, yakaonekana mawe matatu madogo kwenye mfuko wa nyongo. Hana maumivu. Je, yametokana na upasuaji ule, na ni lazima apasuliwe tena? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Mmefanya vyema mno kukitunza cheti hicho, kwa kuwa neno "shina" ndilo linalobeba jibu langu.

Neva iitwayo vagasi hushuka kutoka kwenye ubongo, ikafuata umio hadi tumboni, na huko huuchochea mfuko wa chakula kutoa asidi. Tangu Daktari Lester Dragstedt wa Chicago alipoanza kuikata mwaka 1943, wagonjwa wengi wa vidonda walitibiwa hivyo, mpaka zilipopatikana dawa za kupunguza asidi na za kuua bakteria wanaosababisha vidonda. Tatizo ni kwamba shina hilohilo hutoa tawi liendalo kwenye ini na mfuko wa nyongo. Likikatwa juu ya tawi hilo, mfuko hulegea na kutanuka, nyongo hutuama humo, kolesteroli hujitenga ikawa chembe, chembe zikawa tope, na tope likaganda kuwa mawe. Palipokatwa vitawi vya mfuko wa chakula peke yake, tawi la ini husalimika.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba upasuaji ule umechangia, ingawa siwezi kuapa, kwani umri peke yake huleta mawe, na vilevile unene, kisukari na kukonda kwa haraka.

Kuhusu kupasuliwa, mawe yasiyouma kwa kawaida huachwa, kwa maana wengi wanaoyabeba hawapati dalili maisha yao yote. Kwa baba yako ninayo sababu ya ziada ya kutoharakisha: waliokatwa shina la vagasi wamo wanaosumbuliwa na kuhara, na kuondolewa mfuko wa nyongo kunaweza kuzidisha hali hiyo.

Mambo yatabadilika akianza kupata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya mlo wenye mafuta mengi, yakapanda hadi begani. Yakiambatana na homa, au macho yakiwa ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nakuomba sana, msimnyweshe mafuta ya zeituni na maji ya ndimu ili "kuyatoa" mawe. Yale madonge ya kijani yanayoonekana chooni kesho yake si mawe, bali ni sabuni iliyoundwa tumboni kutokana na mafuta yenyewe.

Ikitokea siku akahitaji upasuaji, mwonesheni daktari cheti hicho kabla ya yote, kwa sababu chini ya kovu la zamani utumbo huweza kuwa umeshikamana, na mpasuaji atapaswa kuamua mapema aingilie wapi.