Muulize Fundi: Gemu liko kwenye SSD, mbona linachelewa kufunguka?

SWALI: Shikamoo fundi. Gemu langu nimeliweka kwenye SSD mpya, ile diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, lakini nikilibofya skrini inabaki nyeusi karibu nusu dakika. Likishaanza, linakwenda bila kukwama. Nikilifunga na kulifungua tena papo hapo, halichelewi. Ndani ya kompyuta kuna pia diski ngumu ya zamani ninayowekea picha za familia. Je, niongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue chochote kwanza. Gemu linalokwenda vizuri likishafunguka halilalamikii RAM. Mimi naishuku hiyo diski ya picha, ingawa gemu halimo humo.

Diski ngumu ina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Isipoguswa kwa muda, kwa kawaida dakika 20 katika Windows, mota yake huzimwa ili kuokoa umeme. Sasa, yapo magemu ambayo yakianza hukagua kila diski iliyounganishwa, hata isiyo na faili lao hata moja. Diski iliyolala ikiulizwa, lazima kwanza izungushe visahani hadi vifikie kasi yake, na muda wote huo gemu limesimama likisubiri jibu. SSD yako haina la kufanya hapo. Mara ya pili diski iko macho, ndiyo maana huoni kuchelewa.

Hakikisha hivi, wala huhitaji bisibisi. Washa kompyuta, uiache nusu saa bila kuigusa. Kisha fungua folda ya picha, ngoja zionekane, ndipo ubofye gemu. Likifunguka haraka, umempata mkosaji. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya kuzima diski ngumu, uweke 0. Hapo haitazimwa tena. Itatumia umeme kidogo zaidi, na kwa kompyuta ya mezani mimi naona inafaa kabisa.

Lakini hiyo nusu dakika inanitia wasiwasi. Diski yenye afya huamka kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo kabla ya majaribio yote hayo, nakili picha zako mahali pengine, leo hii. Nakuomba sana. Gemu utalipakua upya, picha za familia utazipakua wapi?

Ukishanakili, pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Tazama mstari wa 05, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kuhamishwa kwa kuharibika, na C5, sekta zinazogoma kusomeka. C5 isipokuwa 0, usiiamini tena diski hiyo kwa kitu unachokipenda. Kama 05 na C5 ni safi ila C7 inazidi kupanda, kuna makosa njiani kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi ni kebo ya SATA iliyolegea au kuchakaa. Ibadilishe hiyo kwanza, kisha uniandikie namba ulizozikuta.